Mang'amung'amu: shajara ya filamu ya kutisha kutoka Kaptembwo

Jumapili, 2 Februari

Mama alikuwa soja wa usiku kwa miaka 11. Alilinda ghala la mahindi upande wa reli, hapa Nakuru. Alirudi jua linachomoza, akavua buti mlangoni, akanywa chai, akajitupa kitandani na kabuti lake. Sisi watoto tulijifunza kunyata mchana kutwa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kwa hiyo usingizi wake tuliuona wote: akiweweseka, akitaja watu tusiowajua, na siku nyingine akiinuka kitako, macho wazi kabisa, na kutuuliza maji yamefika wapi. Tukimjibu kwamba hakuna maji, anajilaza tena. Jioni ukimkumbusha anakataa katakata.

Filamu ni hiyo. Nimetembea nayo tangu darasa la sita, na leo naanza kuiandikia shajara. Wenzangu wengi hapa mjini wametengeneza filamu ndogo nzuri, lakini hakuna aliyeandika alivyofanya, na anayekuja nyuma anaanza upya kila kitu. Sitaki hili letu lipotee hivyo.

Kisa chenyewe: Tabu hulinda usiku na kulala mchana. Zamani aliishi karibu na Ziwa Nakuru, maji yakawahamisha, na kaburi la mama yake likabaki chini. Sasa amepanga chumba kwenye ploti Kaptembwo, na kila akilala anaota ziwa limemfuata. Akiamka anakuta ukoko mweupe wa magadi kizingitini. Siku nyingine anaukuta chini ya kitanda. Filamu ni ya dakika 40 hivi, chumba kimoja, ghala moja, waigizaji watano. Fedha zilizopo ni shilingi 146,000: akiba yangu, zamu yangu ya chama, na mbuzi wawili wa mjomba.

Maji hayo si ya kubuni. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Lango kuu la mbuga lilizama na likajengwa jingine juu zaidi. Migunga iliyokuwa ufukweni ilikufa ikiwa imesimama, na hadi leo utaiona ndani ya maji, mieupe, bila jani. Maji mengi yaliizimua ile chumvichumvi inayokuza chakula cha heroe, wale ndege tunaowaita flamingo, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Upande wa Mwariki na Barut kuna watu waliotoka nyumbani wakiwa wamebeba milango na mabati vichwani. Nani angehitaji kutunga zimwi juu ya hayo?

Jina la filamu ni Mang'amung'amu. Wawili kati ya vijana wangu hawakuwa wamelisikia neno hili, wakaniuliza maana yake. Niliwauliza kama wamewahi kuitwa asubuhi, wakaitika, wakajibu hata swali, kisha wasikumbuke lolote. Wakasema ndiyo. Basi hapo mlikuwa mang'amung'amu, nikawaambia, na mwenzenu Tabu hatoki humo.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki hii sikuandika hata ukurasa mmoja wa mswada. Nilikuwa nikiuliza watu wanavyoota.

Nilianzia Bondeni kwa bibi mmoja ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha mkekani, na nilipotaja ndoto mbaya akanisahihisha papo hapo. "Mwanangu, ndoto mbaya ni kuota umefiwa. Jinamizi ni jambo jingine. Jinamizi hukukalia." Akaweka kiganja kifuani, akabonyeza, akanyamaza, na kwa muda ambao mimi niliuona mrefu hakuvuta pumzi. Nilimwomba arudie nimwonyeshe mwigizaji wangu. Akakataa, akasema hayo hayachezewi. Sikumsukuma.

Dada yangu ni muuguzi, naye akanieleza upande wa mwili. Mwaka 1953 watafiti Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago waliandika habari za usingizi ambao macho ya aliyelala huchezacheza chini ya kope, na ndoto nyingi zilizo wazi huja wakati huo. Usingizi huo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi. Ukiwa ndani yake ubongo huifunga misuli, mikono na miguu isije ikafuata ndoto. Mara nyingine akili huamka misuli ikiwa bado imefungwa. Uko macho, chumba unakiona, kidole hukiinui, na ndoto bado haijaondoka. Anayelala kwa saa zilizovurugika hupatwa zaidi. Nilipomsikiliza nilikuwa nikimwona Mama ameketi kitako. Zipo dakika chache ambazo ndoto na kukesha vimo chumbani pamoja, na filamu yangu yote inakaa ndani ya dakika hizo.

Hofu hii huambukiza pia. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, habari za Popobawa, zimwi linalosemwa huwavamia watu usiku vitandani mwao, zilienea mpaka watu wakahama vyumba vyao na kulala nje kwa makundi, wamezunguka moto. Na kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia miaka ya 1980, wanaume wa Kihmong, wakimbizi kutoka Laos, walikuwa wakifa usingizini, wengi wao vijana wasio na ugonjwa uliojulikana. Baadaye madaktari walihusisha vifo vya namna hiyo na hitilafu katika mapigo ya moyo. Lakini fikiria ilivyokuwa kwa jamaa zao kabla ya hapo: kuogopa kumwambia kaka yako usiku mwema.

Kwa hiyo nimebadilisha mswada. Tabu hataota peke yake. Jirani yake, mama muuza mboga, naye atakuwa na ukoko mweupe kwenye nyayo, na hatakuwa na habari nao.

Jumapili, 16 Februari

Leo tulitembea kutafuta mahali. Kila mtu niliyemwambia nafanya filamu ya kutisha Nakuru amenijibu neno moja, Menengai, na ni haki yao. Kreta ile ina upana wa kilomita 12 hivi, mvuke unatoka chini kati ya vichaka, na hadithi za watu waliopotea humo mchana peupe tumelelewa nazo. Wakikuyu huuita mlima huo Kirima kia Ngoma, mlima wa pepo. Tulisimama ukingoni, upepo ukatupiga, mpiga picha akapiga picha za majaribio, na zilitoka nzuri mno. Ndiyo sababu sitazitumia. Mtazamaji akiiona Menengai anajua aogope, na mimi nataka aogope mlango wa chumba chake mwenyewe.

Mahali tulipopata kitu ni Hyrax Hill, njia ya kuelekea Nairobi. Watu hupita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi na makazi ya watu wa kale. Mwelekezi wa pale alitueleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa kupita kiasi na maji yake yalifika kilimani hapo. Ukisimama juu unaliona ziwa lilipo sasa, mbali kule, limelala kama bati lililoanikwa, na kati yako na lenyewe ni mji mzima: Kivumbini, Flamingo, Bondeni, paa juu ya paa.

Niliketi kwenye jiwe nikaandika mstari mmoja ambao Tabu atausema katika onyesho la ghala: "Halitufuati. Linarudi kwake." Nitapiga picha moja tu kutoka hapa, ndefu, isiyotikisika, na itakuwa picha pekee ya ziwa katika filamu nzima.

Jumamosi, 22 Februari

Majaribio ya kwanza ya kamera, na hayakufaa.

Nilikuwa nimepanga ndoto zitofautiane na kukesha: taa ya buluu, moshi, kamera ikielea. Tuliwasha jiko la makaa nje ya mlango tukatupia majani mabichi, moshi ukaingia chumbani, dada anayeigiza Tabu akakohoa hadi machozi. Tulipotazama tulichopata, kilikuwa kama video ya muziki. Hakikutisha hata kidogo. Mpiga picha wangu, kijana mtaratibu ambaye huongea mara mbili kwa siku, akasema, "Mimi nikiota, sioni buluu."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Ni kweli. Nikiota niko kwetu, ni kwetu kabisa, sufuria ziko mahali pake. Hakuna kitu ndotoni kinachokuambia unaota. Ukishamwonyesha mtazamaji taa ya buluu umemwambia, "Hii ni ndoto, pumzika, itaisha."

Basi sheria ya filamu ni hii, na nimeibandika ukutani: ndoto na kukesha vinapigwa kwa kamera ileile, taa ileile, kimo kilekile. Moshi umefutwa. Buluu imefutwa. Tofauti itakuwa kitu kimoja kidogo, na bado sijakipata.

Alhamisi, 27 Februari

Mistari myeusi ilikuwa ikitembea ukutani kwenye picha zetu zote za usiku. Kamera tuliyoazima ilikuwa imewekwa picha 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hufumbua jicho kwa kila picha) ya 1/60 ya sekunde, mtindo wa Marekani ambako umeme ni hertz 60. Wetu ni hertz 50, na balbu za bei nafuu humetameta kwa kufuata mwendo huo bila jicho kuona. Tumeweka picha 25 na shata ya 1/50, na mistari imekwisha. Mwenye kupiga filamu kwa stima ya Kenya aanzie hapo.

Kijana mmoja alisema tuiache mistari hiyo katika maonyesho ya ndoto, eti inatisha. Inatisha kweli, lakini inavunja sheria ya ukutani. Nimeikataa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekipata.

Tulikuwa na fundi wa sauti peke yetu ndani ya chumba tulichokodi Kaptembwo. Alikuwa amefunga, kwa hiyo tulianza mapema ili akapumzike adhuhuri. Kazi ya leo ilikuwa kurekodi kimya cha chumba, maana kila chumba kina kimya chake, na usipokuwa nacho, maneno ya waigizaji yanasikika kama yamekatwakatwa kwa mkasi. Tulifunga mlango, akaweka maikrofoni juu ya mto, kimo cha sikio la aliyelala, tukakaa sakafuni bila kusema. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Ta.

Nilimtazama. Akainua kidole nisiseme.

Ta. Ta-ta.

Ni mabati. Jua likiyapata yanatanuka, yanavutana na misumari, na yanaalika moja moja, bila mpangilio. Nimekulia chini ya sauti hiyo, na sijawahi kuisikiliza. Ndiyo iliyokuwa juu ya uso wa Mama kila alipolala. Kila aliyelala mchana katika nyumba ya mabati anaijua mwilini hata kama hana jina lake.

Tulirekodi dakika 40. Kisha tukarudi magharibi, baada ya yeye kufuturu kwa tende na uji, tukarekodi tena, kwa sababu mabati hulia pia yanapopoa. Saa moja yalikuwa bado yanasema. Ilipofika saa tatu yalikuwa yamenyamaza. Tukangoja hadi saa tano. Kimya, mbwa tu na pikipiki za mbali.

Kwa hiyo saa nane za usiku bati halina sababu ya kulia. Likilia saa nane za usiku, ujue juu ya paa kuna jua ambalo wewe hulioni. Ujue kwingine ni mchana, na wewe umelala.

Fundi wa sauti alinielewa kabla sijamaliza. Tutaanza kwa kuwazoesha watazamaji: Tabu analala mchana, bati linalia, na hakuna anayelijali. Halafu, katikati ya filamu, Tabu yuko lindoni ghalani, saa nane usiku, ana tochi na chai kwenye chupa, yuko macho kabisa, anaongea na mwenzake habari za mshahara. Na hapo, juu yao: ta.

Nimelala nikiwaza sauti hiyo moja, na nimeamka nikiiwaza.

Jumapili, 16 Machi

Mama amekuja kutuona tukifanya mazoezi. Sikumwita, alikuja na ndizi na chupa ya chai akaketi pembeni. Dada anayeigiza Tabu alikuwa akifanya onyesho la kuamka: anakurupuka, anahema, anachukua simu kuangalia saa. Tulilirudia mara nne. Mama akainua mkono, kama mtu darasani.

"Mwanangu, mtu wa zamu ya usiku haangalii saa. Saa inakuambia nane, lakini nane ya nini? Unaangalia chini ya mlango. Kukiwa na mwanga, ni mchana, lala. Kukiwa giza, umechelewa kazi."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia hilo. Akasema sikuwahi kumwuliza.

Dada wa watu akajaribu. Alifumbua macho bila kukurupuka, shingo ikageuka polepole, na macho yakashuka hadi chini ya mlango, yakakaa pale. Chumba kizima kikageuza macho pamoja naye. Nilisikia baridi mikononi. Nusu ya maonyesho niliyokuwa nimeandika niliyafuta jioni hiyo hiyo, kwa maana kitisho chote sasa kiko kwenye ule mwanya wa vidole viwili. Mwanga unaingia pale. Maji nayo yataingia pale.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya mlango. Nitaiandika kwa urefu, kwa sababu hakuna mtu atakayeamini ilivyofanyika.

Picha tuliyoitaka: Tabu amefumbua macho. Chini ya mlango kuna utepe wa mwanga. Utepe unang'aa zaidi, unatikisika, na tunatambua polepole kwamba huo si mwanga tena, ni maji yanayoingia yakiwa yamebeba mwanga.

Mlango wetu unaelekea mashariki, na hilo nililiangalia kabla ya kukodi. Siku hizi za Machi, hapa karibu na ikweta, jua la saa sita linasimama wima utosini na chini ya mlango hakuingii kitu. Tulikuwa na kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu hivi. Nje tuliweka kioo kilichotolewa kwenye kabati la mwenye ploti, kimelazwa kwa pembe, kikishikwa na kijana wa jirani wa miaka kama 12 ambaye mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa mtu yeyote kati yetu. Mbele ya kioo, sufuria pana yenye maji kidogo. Mwanga uligonga maji, ukapanda mlangoni, ukaingia chini unachezacheza. Hapo ndipo ulipoanza kutikisika wenyewe, bila kompyuta.

Maji yenyewe yalimwagwa kwa kikombe kutoka nje, kidogo kidogo. Sakafu ya simiti ilikuwa na mteremko usioonekana, na mara saba za kwanza maji yaligeuka na kukimbilia chini ya kabati. Binamu yangu akapata dawa: akapaka sakafu mshumaa pande mbili, kama kingo za mfereji, maji yakafuata njia yaliyopewa. Mara ya 14 yalikuja sawa lakini kuku akalia nje. Mara ya 17 pikipiki. Baada ya kila jaribio tulikausha sakafu kwa matambara na kuipepea kwa bati dogo, kwa maana simiti iliyolowa inajulikana kwa rangi.

Mara ya 19 maji yaliingia kama yanayojua yanakokwenda. Yalifika kwenye ndala za Tabu zilizokuwa kando ya kitanda, yakazizunguka, na moja ikainuka kidogo ikageuka, ncha ikaelekea mlangoni. Hatukuipanga hiyo. Mpiga picha hakupumua, niliona mgongo wake umesimama. Niliposema basi, hakuna aliyepiga makofi. Yule kijana wa kioo akauliza kutoka nje kama ashushe mkono.

Ukoko mweupe tuliupaka alasiri. Chumvi ilitufia kwa kuwa inayeyuka na unyevu. Magadi ya sokoni yaliwasha ngozi ya mwigizaji, tukaacha mara moja. Kilichofaa ni wanga wa mahindi, ule mweupe wa kuongezea uzito mchuzi, umekorogwa na maji na kupakwa mzito. Ukikauka unapasuka vipande vipande kama udongo wa ufukweni. Pakiti mbili zilitosha sakafu, nyayo na kizingiti.

Jumanne, 1 Aprili

Idd imepita na mvua za masika zimefika. Mvua ikinyesha juu ya mabati, maneno hayarekodiki, mtu anasema hapo mbele yako na humsikii. Siku tatu zimepotea.

Na kuna pigo jingine. Kadi ya kamera niliyonunua mpya kwenye duka moja mjini imekufa ikiwa na usiku mzima wa ghala ndani yake. Fundi ameijaribu kwa siku mbili. Hakuna kitu. Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Kamera yetu huandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa moja, na mimi nilikuwa nikisubiri kadi ijae ndipo nihamishe, ili nisinunue diski ya pili. Diski nimenunua leo, shilingi 6,500. Kila kazi ikiisha, kabla ya mtu kula, picha zinakwenda mahali pawili.

Msimamizi wa ghala ametupa usiku mmoja mwingine. Nilimweleza ukweli naye akaniambia, "Njoo na vijana wako, mlete majani ya chai tu."

Jumamosi, 19 Aprili

Ghala limekwisha, na usiku wa pili umekuwa bora kuliko ule uliopotea. Mvua iliyopita ilikuwa imeacha dimbwi nje ya lango. Tulipiga onyesho la mshahara huku dimbwi hilo likimetameta nyuma ya soja wawili, na mtazamaji atalitazama tu, hataambiwa kitu.

Sasa ni uhariri, nyumbani, usiku, kompyuta ikiwa juu ya mashine ya kushonea. Nimegundua kwamba makosa yangu mengi ni ya haraka. Tabu akitazama chini ya mlango nilikuwa nikikata baada ya sekunde tatu. Nikaacha sita. Nikaacha 11. Kwenye 11 jicho la mtazamaji linachoka kumtazama Tabu na kuanza kutafuta chumbani lenyewe, na analolipata limewekwa na yeye mwenyewe. Sauti ya bati ninayo 63, nimetumia 9.

Chakula kimekula shilingi 38,000 na sijutii hata moja. Zimebaki 11,200. Kabla ya kuionyesha kwa umma ni lazima ipitie bodi ya kuainisha filamu, kwa hiyo hizo zina kazi yake.

Jumamosi, 10 Mei

Jana usiku tuliwaonyesha walioifanya na majirani waliotuvumilia. Tulitandika shuka ukutani katika chumba kikubwa cha mwenye ploti, projekta ya kukodi juu ya ndoo, watu 22, watoto wadogo tukawaomba wakalale. Tulianza saa tatu na nusu, nilivyotaka, baada ya mabati kunyamaza.

Dakika za mwanzo walizungumza, wakatambuana, wakacheka kuona ndoo zao. Kwenye mlango walinyamaza. Ndala ilipogeuka, mtu nyuma yangu alisema "ala" kwa sauti ndogo sana.

Dakika ya 22, Tabu yuko lindoni, saa nane usiku. Bati likalia mara moja. Hakuna aliyetikisika. Likalia mara ya pili, na mama muuza mboga aliyekaa mbele, yule ambaye meza yake tuliiazima, akainua uso akatazama juu, kwenye mabati yetu sisi. Kisha aliyekuwa kando yake. Kisha karibu chumba kizima kilikuwa kimeinua uso, na kwenye shuka Tabu naye ameinua uso, tochi mkononi.

Mimi nilimtazama Mama. Hakuwa ameinua uso. Alikuwa akitazama chini ya mlango.

Dakika ya 31 sauti iko juu mno, inaumiza, nitaishusha. Maneno ya mwisho ya jirani hayasikiki vizuri, tutayarekodi upya siku isiyo na mvua. Baada ya watu kuondoka nilimsindikiza Mama hadi barabarani kutafuta boda. Alikuwa kimya, nami nikaogopa nimemuumiza. Tulipofika kwenye taa ya duka akasimama.

"Mwisho pale umemlaza na buti."

Nikamwambia nilitaka aonekane amechoka sana.

"Hata uchoke vipi, huwezi kulala na buti. Ukilala nazo hujafika nyumbani."

Jumamosi ijayo tunarudia kitanda. Buti zitakaa mlangoni, pamoja, ncha zikielekea nje, kama alivyokuwa akiziweka.